Mtoto wa Dada

Babu alipofariki, mwaka 1987, kigoda chake cha miguu mitatu kilibaki palepale chini ya mwembe, mbele ya nyumba yetu hapa Ziba, na siku zote za matanga hakuna aliyekikalia. Wageni walikaa kwenye mikeka, wazee wakaletewa viti kutoka nyumba za jirani, watoto wakakizunguka kigoda kama wanavyozunguka moto. Siku ya nne wazee walikutana kuzungumza habari ya ng'ombe. Baba mkubwa akatoka zizini, samadi imemfika kwenye vifundo vya miguu, akaja moja kwa moja akaketi juu ya kigoda kile. Hakumwangalia mtu. Baba yangu akasimama, na nikauona mkono wake ukitetemeka.

Tulimwita baba mkubwa kwa kuwa alimzidi baba yangu umri, lakini hakuwa mwana wa babu. Alikuwa mtoto wa dada yake. Mama yake alimzaa kabla mahari haijatolewa, na mwanamume yule hakurudi tena. Kwa desturi yetu sisi Wanyamwezi, mtoto ambaye mahari ya mama yake haikulipwa ni wa ukoo wa mama. Kwa hiyo babu alimlea mpwa wake, akampa fimbo ya kuchungia angali mdogo, na tangu hapo ng'ombe wale hawakujua sauti nyingine. Baba yangu alipelekwa shule. Baba mkubwa alipelekwa mbugani.

Kikao kilikwenda hadi jioni. Ng'ombe walikuwa 38. Wazee walimpa baba mkubwa 6 pamoja na ndama mmoja, waliobaki wakawa wa baba yangu na wadogo zake. Nilikuwa na umri wa miaka 19, nimemaliza kidato cha nne, na hati yangu ilikuwa nzuri, hivyo mimi ndiye niliyeandika karatasi ya mgao. Niliiandika kwa kalamu ya bluu, mistari imenyooka, majina ya warithi yakifuatana na idadi ya ng'ombe wa kila mmoja. Usiku huohuo baba mkubwa alitenga ng'ombe wake, na kabla ya jogoo kuwika alikuwa ameshika njia ya upande wa Simbo. Hakula tena chakula cha nyumbani kwetu.

Nilikuwa upande wa baba yangu. Nilikuwa na hakika kabisa, kama kijana anavyokuwa na hakika, kwamba tulitendewa haki na kwamba yule aliyekaa kwenye kigoda alikuwa mkosefu.

Miaka michache baadaye, nikiwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu mmoja aliniazima kitabu cha historia ya Uingereza kilichokwisha pasuka jalada, kimoja kati ya vile vya enzi ya mkoloni vilivyokuwa bado vikipatikana katika makabati ya shule za Tabora. Nilikisoma usiku kwa mwanga wa koroboi. Humo nilikutana na Mfalme Henry wa Kwanza, ambaye mwanawe wa pekee wa ndoa, William, alizama baharini usiku wa tarehe 25 Novemba 1120 ndani ya chombo kilichoitwa Meli Nyeupe. Akabaki na binti, Matilda. Mfalme akawakusanya wakubwa wa nchi, akawaapisha kwamba atakapokufa watamkubali Matilda kuwa malkia wao. Wakaapa. Alipofariki mwanzoni mwa Desemba 1135, mmoja wa walioapa alivuka bahari haraka, na kabla mwezi haujaisha alikuwa amevikwa taji. Jina lake Stephen. Nikasoma nasaba yake, nikaweka kitabu chini. Stephen alikuwa mtoto wa dada yake mfalme.

Nilikaa kimya kwa muda mrefu usiku ule. Mwana na mpwa, kiti kimoja, miaka 19 ya vita, mashamba yakageuka pori. Nikachukua daftari nikaanza kuandika riwaya. Nilitaka kumwandika Matilda usiku wa Desemba 1142, alipotoroka kutoka ngome ya Oxford iliyozingirwa na majeshi ya Stephen, amejifunika nguo nyeupe ili asionekane juu ya theluji, akauvuka mto uliokuwa umeganda. Theluji sikuwa nimeiona. Niliielezea kama majivu ya shamba lililochomwa mwezi wa tisa, upepo ukiyapeperusha. Niliandika kurasa 60 na kitu. Nikampelekea mwalimu mmoja mstaafu hapa Ziba, mtu aliyesoma sana, ambaye enzi hizo alikuwa bado ana nakala yake ya Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere, aliyoinunua akiwa chuoni.

Alizirudisha baada ya wiki mbili. Hakuwa ameandika neno juu ya vita, wala juu ya tarehe, ambazo nilikuwa nimezipanga kwa uangalifu mkubwa. Pembeni mwa ukurasa wa kutawazwa kwa Stephen aliandika kwa penseli: "Huyu amekula nini leo?" Kurasa tatu mbele, alipoingia Matilda: "Na huyu?" Na mwisho kabisa: "Mbona wote wanajua tayari nani atashinda?"

Maswali hayo matatu yamenifundisha kuandika kuliko kitu chochote nilichowahi kusoma. Watu wangu walikuwa majina katika mti wa ukoo. Walitembea kwa kuwa historia ilisema walitembea. Hakuna aliyekuwa na njaa, hakuna aliyesahau jambo, hakuna aliyemwogopa mke wake. Nilikuwa nimeandika ile karatasi ya mgao kwa mara ya pili, safari hii kwa Waingereza.

Sikuendelea na Matilda. Kilichoniondoa Uingereza hasa ni kugundua kwamba kisa kilekile, cha mwana na mpwa na kiti, kilikuwa kimelala karibu na nyumbani, safari ya basi kupitia Nzega hadi Tabora, na kwamba huko nilijua watu wanakula nini.

Zamani, katika tawala nyingi za Kinyamwezi, kiti cha mtemi hakikwenda kwa mwanawe. Kilikwenda kwa mtoto wa dada yake. Mantiki yake ni nyepesi: mtoto wa dada hana shaka kwamba ana damu ya ukoo. Karne ya 19, biashara ya pembe ilipopamba moto na msafara ukawa ndio utajiri, baadhi ya watemi walianza kuelekeza kiti kwa wana wao, na Unyanyembe, nchi ya Tabora, ilikuwa katikati ya mageuzi hayo. Sasa fikiria nyumba ambamo sheria ya urithi inabadilika wakati warithi wako hai. Kila mmoja ana haki kwa sheria mojawapo. Hapo hakuna mwizi na mwenye mali. Kuna watu wawili wanaosema kweli, na mmoja atakufa.

Mtemi Fundikira wa Unyanyembe alikuwa ametoka kwenye ule ulimwengu wa misafara. Burton, msafiri Mwingereza aliyefika Tabora mwezi Novemba 1857, ameandika kwamba Fundikira alikuwa mpagazi katika msafara uliokuwa ukielekea pwani habari ya kifo cha baba yake ilipomkuta njiani. Akaiweka mizigo, akarudi kutawala. Sentensi ile ya Burton nilikaa nayo mwezi mzima. Mtu anakwenda pwani na pembe, ana deni, ana posho anayoitegemea, kichwani anahesabu kaniki na merikani atakazorudi nazo. Ghafla anaambiwa yeye ni mtemi. Je, mizigo ile alimwachia nani? Nikajua riwaya yangu inaanzia kwenye pembe zilizoachwa chini ya mti, na mpagazi mmoja aliyeambiwa azilinde.

Fundikira alifariki muda mfupi baada ya akina Burton kuondoka, na kiti kikachukuliwa na Mnywa Sele. Alianza kutoza ushuru bidhaa za wafanyabiashara wa Kiarabu waliojenga matembe yao Tabora. Wao walizoea kuishi katika nchi ile kama wenye nchi. Wakamtishia kwamba watamweka mwingine, Mkasiwa. Vita vikazuka, Mnywa Sele akafukuzwa, Mkasiwa akawekwa. Hayo yalitokea kabla Speke, mwenzake Burton katika safari ile, hajarudi na Grant mwanzoni mwa 1861. Kwa miaka mitano Mnywa Sele alizunguka nje ya nchi yake akipigana ili arudi, akikata njia ya msafara kila alipoweza, hadi alipokamatwa na kuuawa mwaka 1865.

Hayo ndiyo mambo, na mtu akiyasema hivi yamekwisha kwa dakika mbili. Kazi inaanza pale unapouliza ni nani aliyeyasimulia. Habari za kung'olewa kwa Mnywa Sele, Speke alizipata kwa Musa Mzuri, mfanyabiashara wa Kihindi aliyekaa Tabora miaka mingi na aliyempokea nyumbani kwake. Katika maelezo ya Musa, Mnywa Sele anaingia kwenye hadithi akiwa tayari amepungukiwa: mwana wa Fundikira, ndiyo, lakini wa mama asiye na daraja. Ushuru wake unaonekana ni utundu wa kijana. Lakini kabla ya kufika kwa Musa, huko Mgunda Mkali, lile pori lisilo na maji lililowatoa jasho wapagazi wa karne nzima, Speke alikuwa amekutana na Mnywa Sele mwenyewe. Alimjia na kundi la vijana wenye bunduki, kijana mzuri wa umbo ambaye Speke hakuficha kwamba alimpenda kwa macho. Akamwomba ampatanishe na Waarabu. Alisema upande wake: nchi ni yake, wafanyabiashara ni wageni, na wao ndio waliovunja makubaliano.

Speke alijaribu kupatanisha, akashindwa. Waarabu walikuwa wamekwisha mweka Mkasiwa, na mtu aliyewekwa hawezi kuondolewa bila yeye pia kuwa na neno.

Nilijiwekea kanuni hapo, na sijaivunja. Kila mtu ndani ya riwaya asimulie vita vile mara moja kwa kinywa chake, hata kama msimulizi wangu hataitumia. Nilijaza daftari nne. Musa Mzuri alikuwa na kurasa zake, akihofia pembe zake ghalani. Mganga wa ikulu alikuwa na zake. (Ikulu, kwa msomaji asiyejua, ni neno letu huku: makao ya mtemi, kabla halijawa makao ya rais.) Niliwapa sauti hata wanawake waliokuwa wakitwanga mtama uani siku Mnywa Sele alipokimbia, kwa sababu mtu anayekimbia anapita uani.

Snay bin Amir nilikuwa nimemchukia tangu mwanzo. Alikuwa mkubwa wa Waarabu wa Tabora, mtu wa Oman, mwenyeji aliyemkarimu Burton mwaka 1857, na ndiye aliyeongoza vita dhidi ya Mnywa Sele. Katika rasimu yangu alikuwa mtu wa tamaa na ndevu. Kisha nikafika mahali Speke anaposimulia mwisho wake. Ilikuwa katika vita vya 1861. Watu wake walikuwa wameshinda kwanza, wakatawanyika kuteka ng'ombe, kisha wakashambuliwa, wakakimbia. Snay alikuwa mzee, pumzi ikamwishia. Akamwita mtumwa wake, akampa bunduki yake aitunze kwa kumkumbuka, akamwambia yeye hawezi tena kukimbia, atalala pale pale aone Mungu amempangia nini. Hakuonekana tena.

Bunduki ile ilinibadilisha mimi, wala siyo riwaya tu. Niliona mkono mmoja ukiitoa na mkono mwingine ukiipokea. Mtu aliyemmiliki mwenzake, katika saa ya mwisho, anampa kitu cha thamani kuliko vyote alivyonavyo, na yule mwingine anakimbia nacho porini, mzigo mzito kwa mtu anayekimbia, na hakitupi. Kwa nini hakuitupa? Sijui mwandishi anayeweza kuyapita maswali haya. Sura ile niliiandika upya mara saba, na Snay bin Amir hakuwa tena mtu wa ndevu. Hakuwa mtu mwema, maana alichokifanya Unyanyembe alikifanya. Lakini alichoka kama baba yangu alivyochoka.

Watu huniuliza kwa nini Mirambo hayumo sana. Hapa kwetu ukisema historia, mtu anatarajia Mirambo, na haki yake anayo: aliyetengeneza dola kutoka Urambo, aliyeufunga mlango wa Ujiji, aliyewafanya Waarabu wa Tabora walale na bunduki mkononi mwaka 1871. Lakini Mirambo akiingia ukurasani anakula kila kitu. Nilimwacha pembeni akiwa kijana asiyejulikana bado, anapita sura moja tu, anasikiliza. Kilichonisaidia kumwona ni msafiri Stanley, ambaye alimwogopa miaka mitano na alipokutana naye uso kwa uso Aprili 1876 akashangaa kumkuta mtu mpole wa sauti, mtaratibu, asiye na makelele. Mtu anayetisha kwa mbali na akawa mtulivu kwa karibu ni zawadi kwa mwandishi, ila zawadi hiyo ni ya kitabu kingine.

Na kuna Karunde. Binti wa Fundikira, aliyeolewa na Muhammed bin Juma, baba yake Tippu Tip, yule mfanyabiashara wa misafara. Tippu Tip ameyasema haya katika maisha yake aliyoyaandika kwa Kiswahili uzeeni, kabla hajafariki Zanzibar mwaka 1905, na kwa sisi tunaoandika habari za njia ile kwa Kiswahili, kitabu kile ni kama kisima: mtu wa wakati ule, akizungumza lugha yetu, bila mkalimani. Kwa ndoa ya Karunde, mgeni wa Tabora akawa mkwe ndani ya ikulu. Wanaume wanaandika vita kama kwamba vilianzia kwenye ushuru. Nilipoanza kumfuata Karunde, kutoka ikulu hadi tembe la mumewe na kurudi, niliona kwamba kila ushuru ulipita kwanza kwenye sinia. Nani alialikwa kula, nani aliletewa chakula nje. Katika nchi ambayo kiti kilipita kwa dada, dada alikuwa daraja, na daraja linajua uzito wa kila anayevuka. Miaka zaidi ya 30 baadaye, Januari 1893, Isike mwana wa Mkasiwa alipoona Wajerumani wa Tom von Prince wameingia ndani ya ngome yake, akawasha ghala lake la baruti akiwa humo humo. Aliyewekwa na Wajerumani kwenye kiti baada yake hakuwa mwanamume. Alikuwa mwanamke, Nyaso. Mambo ya akina dada yalikuwa hayajaisha.

Nilikwenda Kwihara mara tatu. Watalii huja kuona tembe walilokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872, na wanatazama ramani na barua. Mimi nilikaa barazani mchana kutwa kutazama kivuli. Nilitaka kujua saa ngapi jua linaingia mlangoni, kwa sababu watu wangu hawana saa, na kila mara nilipoandika "baada ya dakika chache" sentensi ilikufa mkononi. Tembe ni nyumba ya namna hii: kuta nene za udongo, paa bapa, giza la kupoza ndani, ua katikati. Mtu akiongea chumba kimoja, wa chumba cha tatu anamsikia. Njama zangu zote za rasimu ya kwanza zilikuwa zinafanyika ndani ya vyumba kama vya Oxford, na milango ya mbao ya kufunga. Nikazihamishia nje, mashambani, kwenye njia ya kisimani, mahali ambapo kweli mtu wa Unyanyembe angenong'ona.

Lugha ilinisumbua zaidi. Mnywa Sele angesema nini kwa Kiswahili? Alikuwa Mnyamwezi, na Kiswahili kilikuja na msafara. Niliamua mazungumzo ya ikuluni yabebe mwendo wa Kinyamwezi, salamu ndefu, jambo kuzungukwa kabla ya kuguswa, na mazungumzo ya Tabora mjini yawe makali na ya haraka kama ya watu wa sokoni. Nilifuta kila neno lililonusa ofisi. "Serikali" ilitoka. "Kampeni" ilitoka. Siku niliyofuta "mgogoro wa madaraka" mahali sita nilijisikia mwepesi.

Baada ya yote hayo, mtu mmoja aligoma kuwa hai. Mkasiwa. Nilimjua kwa nje tu: aliyesubiri, aliyewekwa na wageni, aliyetawala hadi katikati ya miaka ya 1870 akiwa mtemi wa watu waliojua aliwekwa na nani. Kila nilipomwandika alikuwa kibaraka. Hakuwa na kitu anachokitaka isipokuwa kiti, na mtu anayetaka kiti tu hana uso. Nilijaribu kumpa ugonjwa, nikampa kilema, nikampa mke mkali. Hakuna kilichofaa. Ilikuwa tayari mwaka wa nne wa kazi ile.

Nikapanda basi kwenda Simbo.

Sikuwa nimemwona baba mkubwa kwa miaka mingi. Nilimkuta ameketi kwenye gogo mbele ya nyumba ya nyasi, anasokota kamba ya katani kwa kuizungusha juu ya paja. Macho yalikuwa yameingia ukungu. Nikamwamkia, akaitikia, akaniambia nikae, akaendelea kusokota. Nilijitambulisha mtoto wa nani.

"Nakujua," alisema. "Wewe ndiye mwandishi."

Nilidhani mtu amemweleza habari ya riwaya. Nikaanza kumwambia juu ya Unyanyembe. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kama ile karatasi bado ipo.

"Karatasi gani, baba?"

"Ya mgao. Uliiandika wewe. Nilimwomba mtoto mmoja wa shule anisomee, kabla sijaondoka. Kila mtu uliandika jina lake na la baba yake. Mimi uliandika: mchungaji, ng'ombe 6."

Kamba iliendelea kuzunguka juu ya paja lake. Aliniambia habari ya mwaka wa njaa, alipowapeleka ng'ombe wote hadi mbuga ya Wembere kutafuta majani, yeye na mbwa mmoja, na jinsi alivyokaa ndani ya matope hadi kifuani usiku kucha ameshika pembe za mtamba aliyenasa, akiogopa akimwachia atazama. Asubuhi watu wa kijiji wakamvuta pamoja na ng'ombe. Mtamba yule, alisema, ndiye aliyezaa nusu ya zizi lililogawanywa. "Ng'ombe 6 wananitosha. Sikuwapigania. Nilikaa kwenye kigoda cha mjomba wangu ili waone. Nikasema watauliza, huyu ni nani? Hawakuuliza."

Nilirudi Ziba, nikaitafuta karatasi ile ndani ya sanduku la marehemu baba yangu. Ilikuwapo. Wino umefifia, mistari bado imenyooka. Mchungaji, ng'ombe 6. Nilikuwa nimesahau kabisa. Sikuwa nimeandika hivyo kwa ubaya. Niliandika hivyo kwa kuwa ndivyo wazee walivyokuwa wanasema pale barazani, nami nilikuwa na kalamu. Hivyo hivyo Musa Mzuri alivyosema habari ya mama yake Mnywa Sele, na Speke alikuwa na kalamu, na neno lile limesafiri miaka zaidi ya 160.

Wiki ile Mkasiwa aliamka. Nilimweka katika miaka yake ya kusubiri, kabla hajaitwa na mtu yeyote, na sikumpa tamaa ya kiti. Nilimpa kikao ambacho wazee wanahesabu watu wa ukoo, na wanapofika kwake wanapita. Hakasiriki. Anaendelea kutengeneza mpini wa jembe alioushika. Siku wajumbe wa Waarabu wanapokuja kumwambia kwamba wanamtaka, jambo la kwanza anaangalia kama wamemtaja kwa jina lake lote. Wamemtaja. Basi anawafuata, akijua kabisa ni wa nani, na msomaji anajua kwamba angewafuata. Mnywa Sele nami nikampa kilio hichohicho kwa upande wake, kwa kuwa mtu aliyeitwa mtoto wa mama asiye na daraja hawezi kutoza ushuru kwa sauti ndogo. Wale wawili walikuwa wanataka kitu kimoja, nacho hakikuwa pembe.

Mwaka uliofuata nilirudi Simbo na rasimu. Baba mkubwa alikuwa haoni tena, nikamsomea. Nilimsomea sura mbili mfululizo, ya Mkasiwa na ile ya Mnywa Sele akikimbia usiku kupitia uani, vijana wachache nyuma yake, wanawake wameacha kutwanga. Nilisoma polepole. Jirani zake wawili walikuja wakakaa. Nilipomaliza alinyamaza, vidole vyake vikitafuta kamba ambayo siku hiyo hakuwa nayo.

"Huyo aliyekimbia," akasema, "alikuwa na ng'ombe?"

Nikasema mtemi hakosi ng'ombe.

"Usiku huo, nani aliwafungulia asubuhi yake?"

Sikuwa na jibu. Nikafungua daftari ukurasa mpya, nikamwomba anieleze ng'ombe wanafanyaje wanapoamka na mwenyewe hayupo.

"Kwanza hawatoki," alisema. "Hata ukiondoa miiba mlangoni, wanasimama."

Nikaanza kuandika.